Jina Moja, Hadithi Mbili: Kwa Nini Watazamaji Huchezea Herufi?

Mwaka 1966 neno letu uhuru lilivuka bahari. Huko Marekani, katika mchezo wa televisheni uitwao Star Trek, ofisa wa mawasiliano wa chombo cha angani, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, alipewa jina la Uhura. Ilibadilishwa herufi moja tu, likapatikana jina la mtu. Watazamaji nao wana mchezo wao wa herufi, na tuutazame leo.

Mwaka 2009 ilitolewa filamu iliyoanza upya hadithi hiyo, nayo ikaitwa Star Trek vile vile, bila nyongeza. Safari hii Uhura aliigizwa na Zoe Saldana. Huko Uingereza, mchezo wa Doctor Who ulioanza mwaka 1963 na kusimama mwaka 1989 ulirejea mwaka 2005 kwa jina lake la zamani. Je, mtu akisema anaupenda, ataeleweka anasema upi? Nyumba ikiwa na akina Juma wawili, wenyeji hawangoji karani. Huwaita Juma Mkubwa na Juma Mdogo. Ndivyo watazamaji walivyobuni NuTrek na NuWho.

Hilo "nu" ni neno la Kiingereza "new", yaani mpya, lililoandikwa kwa mzaha. Kwa nini wasiliandike sawasawa? Kwa sababu "mpya" ni neno la muuzaji: ukilitamka, umekwisha isifu bidhaa yake. Likipotoshwa kidogo huwa kama mtu anayekukonyeza: ni mpya, ndiyo, kama ni bora, tutaona. Wengine hulitumia kwa kebehi, wengine kwa mapenzi, kama mama afupishavyo jina la mwanawe.

Kebehi iliyo kali zaidi ilimpata Godzilla. Kampuni ya Toho ya Japani ilimtoa katika sinema mwaka 1954. Mwaka 1998 Wamarekani walitengeneza Godzilla wao, asiyefanana na yule wa kwanza, na wapenzi wa asili wakamwita GINO, herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Godzilla wa jina tu". Mwaka 2004 Toho yenyewe ilimwingiza mnyama huyo katika filamu yake kwa jina la Zilla. Zilikatwa herufi tatu za mwanzo, ambazo kwa Kiingereza husomeka Mungu; kisha Godzilla wa asili akamshinda kwa muda mfupi mno.

Kiini cha jambo ni hiki. Kwa sheria, jina ni mali ya kampuni, nayo yaweza kulibandika juu ya kazi yoyote. Nasi twajua kuwa mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mtazamaji aliyekua na hadithi hiyo haulizwi shauri. Alichobaki nacho ni kumbukumbu yake, na herufi za kuilinda.

Hata hivyo, herufi hizo zisiwe ukuta kati ya wakubwa na wadogo. Kwa aliyeuona mchezo wa mwaka 2005 akiwa mtoto, huo ndio wa utoto wake, nao una haki ya kupendwa. Basi mzazi, mwanao akikusimulia hadithi uliyoijua ujanani, usimkatize kwa kumwambia kuwa hiyo siyo yenyewe. Msikilize hadi mwisho, kisha umsimulie ile yako.