Bei ya mpunga na hatima ya mtoto Kilombero

Uamuzi kuhusu ushuru wa mchele hufanyika mbali na Ifakara, lakini matokeo yake huonekana katika mashamba ya bonde la Kilombero, ambako baadhi ya watoto huamia ndege wakati wenzao wako darasani.

Familia nyingi za bondeni huhamia mashambani msimu wa mpunga. Mashamba yako mbali, na shule hubaki kijijini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulibaini watoto milioni 4.2 wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wanaotumikishwa, wengi wao katika kilimo.

Wachumi Kaushik Basu na Pham Hoang Van walieleza mwaka 1998 kuwa mzazi humtoa mtoto kazini pale kipato cha watu wazima kinapotosha. Tatizo ni kwamba mtoto hushindana na mtu mzima. Mkulima aliyeuza kwa hasara hushindwa kulipa kibarua wa palizi, hivyo humtumia mwanawe. Kibarua naye hukosa kazi, na watoto wake huingia shambani.

Hapo ndipo sera ya biashara inapogusa shule. Vietnam ilipolegeza masharti ya kuuza mchele nje katika miaka ya 1990, bei ilipanda na, kwa mujibu wa utafiti wa Eric Edmonds na Nina Pavcnik, kazi za watoto vijijini zilipungua.

Tanzania ilipitia hali iliyo kinyume. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliuwekea mchele wa nje ushuru wa asilimia 75, lakini mwaka 2013 Serikali iliruhusu shehena kuingia bila ushuru ili kupunguza makali ya bei mijini. Bei ya mkulima ikaporomoka.

Kufunga mipaka si dawa pekee, kwani kibarua asiye na shamba naye hununua mchele. Utafiti uliofanywa Kagera ulionyesha kuwa mazao yanapoharibika watoto hufanya kazi zaidi, lakini athari hiyo ni ndogo katika kaya zenye mali. Akiba, mikopo nafuu na sera isiyobadilika ghafla katikati ya msimu vinaweza kumbakiza mtoto darasani kuliko katazo peke yake.