Kuku Wako Wanahara Damu? Wacha Kulaumu Jirani, Cheki Maranda

Umechukua doh ya chama, ukanunua vifaranga mia moja wa kuku wa mayai, ukawajengea banda nyuma ya nyumba ya mzae. Wiki ya nne unaamka unapata kadhaa wamejikunyata kona moja, mabawa yameanguka, na mavi iko na damu. Jirani anakushow umerogwa. Zii. Hiyo ni koksidiosisi, ile wafugaji huita kuhara damu.

Inaletwa na kadudu ka Eimeria, kadogo hadi hukaoni kwa macho. Kanaingia kwa ukuta wa utumbo, kanazaana huko ndani na kuupasua. Ndio unaona damu. Kuku mgonjwa akienda haja anaangusha mayai ya hako kadudu kwa maranda. Yakitoka hayana noma. Lakini yakipata joto, hewa na unyevu, siku moja au mbili yako tayari. Mwenzake anadonoa hapo chini, anameza, na kama wiki moja hivi naye anaangusha mengine maelfu. Ndio maana leo ni mmoja, kesho kutwa ni banda nzima.

Vifaranga wa wiki tatu hadi sita ndio huumia zaidi. Kuku anayetaga anaweza kuugua bila damu kuonekana: kilemba kinapauka, chakula hamalizi, na kreti za mayai zinapungua polepole.

Ukiona hizo dalili, tenga wagonjwa na uite daktari wa mifugo mapema. Dawa inayotumika sana ni amprolium, na inawekwa kwa maji, juu kuku mgonjwa hukataa chakula lakini bado anakunywa. Fuata kipimo cha paketi. Kama wameshaanza kutaga, usichukue tu dawa yoyote kwa agrovet. Dawa za salfa hubaki kwa mayai, na hayo mayai kuna mtu atakula. Kadudu kenyewe hakaambukizi watu.

Sasa, dawa bila kusafisha ni kazi bure. Mayai ya Eimeria yana ganda ngumu, na dawa nyingi za kuosha banda haziyaui. Kitu inayaweza ni ukavu. Chota maranda, finya kwa ngumi, halafu achilia. Yakibaki donge, yana maji mingi. Yakimwagika, uko poa. Toa yale yamelowa karibu na vyombo vya maji, weka makavu, na uinue hivyo vyombo vifike urefu wa mgongo wa kuku ndio wasimwage. Fungua banda hewa ipite, na usiwafinyilie kama abiria wa matatu saa moja jioni.

Ukimaliza kusoma, weka simu chini uende ushike hayo maranda.