Kusomea Isimu kwa Mbali: Mwanafunzi wa Uzamili katika Uwanda wa Juu wa Ufipa

1.0 Utangulizi



Nakusudia kulijadili swali moja. Je, mwalimu wa sekondari aliyeko Sumbawanga, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, anaweza kusomea shahada ya uzamili ya isimu kwa mtandao bila kuacha kazi yake, na elimu hiyo ikawa kamili? Kwa upande wa sheria, jibu lilipatikana zamani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, nacho kina kituo mkoani Rukwa. Lililobaki ni swali la kitaaluma: ni sehemu ipi ya isimu inayoweza kusafirishwa kwa mtandao, na ipi haiwezi?

2.0 Aliye mbali ni nani?

Tumezoea kumhesabu mwanafunzi wa Sumbawanga kuwa ndiye aliye mbali. Lakini kwa mwanaisimu, umbali hupimwa kutoka kwa wasemaji. Kifipa, ambacho katika uainishaji wa Malcolm Guthrie kimepewa alama M13, husemwa nje ya mlango wake. Kipimbwe, Kirungwa, Kirungu na Kimambwe ni lugha za kundi hilo hilo. Vitabu vya nadharia humfikia kwa mtandao. Mimi niliyeko Dar es Salaam siwezi kuletewa soko la Sumbawanga kwa njia hiyo.

Tuchukue mfano wa jina la mji wenyewe. Watu wengi hulieleza kuwa ni agizo, yaani “tupa uchawi”. Msikilizaji wa kawaida hutosheka na maelezo hayo. Mwanafunzi wa uzamili huyachukua kuwa nadharia tete. Je, wazee hukitumia kitenzi hicho kwa maana hiyo katika sentensi nyingine? Je, toni za jina zinawiana na toni za kitenzi cha kuamrisha? Maswali hayo huulizwa barazani, na kwa utaratibu, kabla ya kurudi kwenye vitabu.

3.0 Kile ambacho simu hukiacha

Hata hivyo, kuwa karibu na wasemaji hakutoshi; data sharti imfikie msimamizi ikiwa salama. Simu ya kawaida husafirisha mitetemo ya takribani 300 hadi 3,400 kwa sekunde. Kiasi hicho hutosha kwa mazungumzo, lakini sehemu kubwa ya mkwaruzo unaoipambanua [s] na [f] iko juu ya kiwango hicho.

Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alinisomea kwa simu orodha ya maneno ya Kifipa. Nilisikia [f], nikamtaka asahihishe. Alijibu kwa adabu kwamba ni [s]. Nikashikilia, naye kwa kumheshimu mwalimu wake akabadilisha kurasa mbili za tasnifu. Baadaye alileta rekodi halisi, tukaifungua katika Praat, programu isiyo ya malipo iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Spektrogramu ilithibitisha usemi wake. Kosa halikuwa la simu peke yake. Nilikuwa nimekiamini cheo changu kuliko sikio la msemaji.

4.0 Hitimisho

Jibu langu, basi, ni ndiyo, kwa masharti matatu. Kwanza, fonetiki ifundishwe kwa wiki chache za kukutana ana kwa ana, ili sikio lizoezwe. Pili, msimamizi asihukumu sauti yoyote kabla ya kupata rekodi isiyopunguzwa ubora. Tatu, nakala za rekodi zihifadhiwe Rukwa, kwa ridhaa ya waliorekodiwa, zisiishie katika kabati za Dar es Salaam.

Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa na Mradi wa Lugha za Tanzania mwaka 2009, ilituonyesha lugha zetu zinasemwa wapi. Kazi ya kuzichambua moja baada ya nyingine bado ni kubwa. Kiswahili ndicho lugha ya ofisi na ya shule ya msingi, na watoto wengi wa mijini hukua nacho. Wazee wanaokijua Kifipa kwa undani hawatatungoja. Mwalimu anayeishi miongoni mwao na kusoma usiku baada ya kusahihisha madaftari anaweza kuwafikia kabla yetu. Wajibu wetu ni kumfundisha vizuri, kisha kumsikiliza.