Atlanta: Mji Usiokoma Kukua

Mji wa Atlanta, katika jimbo la Georgia kusini mwa Marekani, ulianza mwaka 1837 kama kituo cha mwisho cha reli. Mwaka 1864 majeshi ya Jenerali Sherman yaliuteketeza, ukajengwa upya. Leo, pamoja na vitongoji vyake, una watu zaidi ya 6,000,000.

Kinachomshangaza mgeni si majumba ya ghorofa bali ni umbali. Nyumba iko huku, duka kule, shule kwingine, na aghalabu kati yao hakuna njia ya mwenda kwa miguu. Jamaa isiyo na motokaa huwa kama iliyofungwa. Treni za mji zilianza kwenda mwaka 1979, lakini wapiga kura wa wilaya za jirani, Cobb na Gwinnett, walikwisha kuzikataa, na hata leo hazifiki huko. Januari 2014 theluji ya inchi mbili tu ilizifunga barabara. Watoto wakalala mashuleni, na wazazi wengine ndani ya magari.

Kisha kuna kodi ya nyumba. Pale reli kuukuu zilipogeuzwa njia ya matembezi iitwayo BeltLine, wenye fedha walifuata, na wakazi wa miaka mingi, wengi wao Weusi, ikawabidi kuhama. Ajabu iliyoje, mtaa kupendezeshwa kuwe adhabu kwa waliouvumilia ulipokuwa mbaya!

Katika kitongoji cha Clarkston, kilichopokea wakimbizi wengi, wakiwamo Wakongo, Kiswahili husikika. Mzazi afikaye huko, kabla ya kuuliza idadi ya vyumba, huuliza basi hupita wapi.