Somo la Takwimu: Simu Yako Iwe Msaada

Vijana wengi wa hapa Majengo, California na Shauri Moyo wanaosomea diploma ya maendeleo ya jamii huja na lalamiko moja: takwimu. Nawaelewa. Mimi mwenyewe nililirudia somo hilo, maana tulikariri fomula kama kasuku.

Siku hizi msaada uko kwenye intaneti, tena wa bure. Khan Academy ina masomo ya takwimu tangu mwanzo kabisa, na mazoezi yake yanakuonyesha papo hapo ulipokosea. Kitabu kiitwacho Introductory Statistics, kilichotolewa mwaka 2013 na OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, unakipakua mara moja tu, halafu unakisoma bila bando.

Lakini jamani, kutazama video si kusoma. Ukishatazama, weka simu kando, shika kalamu, ufanye hesabu kwa mambo unayoyajua. Tuseme kuna wauza mitumba tisa pale Gikomba. Wanane wanapata shilingi 500 kwa siku, na mmoja anayeuza kwa jumla anapata 5,000. Zote pamoja ni 9,000. Gawanya kwa 9, wastani ni 1,000. Haya, nani kati yao anapata 1,000? Hakuna hata mmoja! Sasa wapange kutoka wa chini hadi wa juu, umtazame wa tano. Ana 500. Hiyo ndiyo mediani, yaani namba ya katikati. Kamati ya karo ikishika ile 1,000, itasema hawa wanajiweza, na watoto wa wale wanane watabaki nyumbani.

Ukielewa hapo, ingia kwenye tovuti ya Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, utafute ripoti za sensa ya 2019. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 katika kaya 1,506,888. Gawanya mwenyewe, utapata kama watu 2.9 kwa kaya. Mbona basi kwenu mko saba chumba kimoja? Kwa sababu wastani huo umewachanganya nyinyi na wale wote wanaoishi peke yao. Zungukeni ploti yenu, mhesabu kila nyumba, mtafute wastani na mediani, mlinganishe.

Aliyekwama aje na daftari lake, tuone amekwama wapi.