Kamba ya Kuokotea Mayai

Desemba 1947, meli ya uvuvi ya Waingereza iitwayo Dhoon ilipanda mwamba chini ya Látrabjarg, genge lililo kwenye ncha ya magharibi kabisa ya Iceland. Ndani yake walikuwamo mabaharia 15. Juu ya genge hapakuwa na kambi ya jeshi wala kituo cha polisi. Palikuwa na wakulima wachache, kondoo wao, na mchana wa Desemba ambao huko haudumu hata kwa saa tano.

Wakulima wale walikuwa wamekulia kwenye kamba. Kila msimu wa joto waliteremka genge hilohilo kuokota mayai ya ndege wa baharini, kitoweo chao na cha babu zao. Walijua jiwe gani linashika na lipi linamomonyoka ukiliegemea. Kwa hiyo wakafanya kile wanachokifanya siku zote, ila safari hii katika baridi na barafu. Wakashushana kwanza hadi kwenye kibao cha mwamba katikati ya genge, kisha wachache wakateremka tena hadi ufukweni, wakatembea juu ya mawe yenye utelezi mpaka mkabala na meli. Wakafyatua roketi iliyobeba kamba nyembamba, mabaharia wakaidaka, na kwa kamba hiyo wakavutwa mmoja baada ya mwingine ndani ya boya lenye miguu kama kaptura.

Watatu walikuwa wameshakufa. Kumi na wawili wakafika nchi kavu. Maji yalipoanza kujaa kazi ilikuwa haijaisha, ikabidi baadhi yao walale chini ya genge, waokoaji na waokolewa pamoja, na kupandishwa kesho yake.

Mwaka uliofuata mpiga filamu Óskar Gíslason alikwenda huko kuwarekodi wakulima wakiigiza uokoaji ule. Wakiwa katikati ya maigizo, meli nyingine ya Waingereza, Sargon, ikakwama kwenye ghuba ya jirani. Wakaacha kuigiza, wakaenda kuokoa kweli, naye akaenda na kamera yake. Msanii gani amewahi kupata bahati ya namna hiyo, sijui.

Ujasiri wa wakulima wale umesifiwa sana, na wanastahili. Mimi huwa nakwama kwenye ile roketi. Mkulima hanunui roketi. Kamba ya kuokotea mayai ilikuwa yao. Roketi na boya vilitoka kwa chama cha uokoaji cha wananchi kilichoanzishwa 1928, na kilivipeleka huko kabla Dhoon haijaonekana. Kuna mtu alikaa mezani mjini, akaangalia ramani, akajiuliza meli zinavunjikia wapi na ni nani anaishi karibu. Tangu 1930 chama hicho kilikuwa pia na matawi ya kina mama, wakiwamo wake na mama za mabaharia, waliochangisha fedha za vifaa kama hivyo.

Iceland haina jeshi. Ni kati ya nchi zilizoanzisha NATO mwaka 1949, na askari wa Marekani walikaa Keflavík hadi 2006, lakini nchi yenyewe, yenye watu wasiofika laki nne, ina polisi na kikosi cha walinzi wa pwani tu. Hata hao walinzi wa pwani mizizi yao iko kwa raia: mwaka 1920 chama cha uokoaji cha visiwa vya Vestmannaeyjar kilinunua meli iitwayo Þór, na baadaye Serikali ikaichukua.

Leo kuna vikosi zaidi ya 90 vya watu wa kujitolea, kutoka mji mkuu hadi vijiji vya mwisho wa barabara. Fundi bomba, mwalimu, muuza mikate. Ujumbe ukiingia kwenye simu, mtu anaaga kazini na kuondoka, na mwajiri hana haja ya kuuliza mengi. Hawalipwi. Fedha nyingi za magari na mafuta hutoka mahali ambapo mgeni hawezi kupakisia: kwenye fataki. Siku za mwisho wa Desemba vikosi hivi hufungua maduka ya fataki, na taifa zima hununua kwao. Kwa maneno mengine, mtu anachangia uokoaji wake mwenyewe huku akicheza. Watoza kodi wetu wangefaa kwenda kutazama.

Nilipoyajua haya nilikumbuka Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege yenye watu 43 iliangukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua, na wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walinusurika, 19 walikufa. Kijana mmoja mvuvi alisifiwa nchi nzima, Serikali ikampa ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hakuna wa kumwonea kijicho, riziki ni riziki. Ila angalia tulichofanya: tulimkuta mwokoaji ziwani, tukamshukuru kwa kumtoa ziwani. Wenzetu wa Látrabjarg walimwacha mkulima kwenye genge lake, wakamwongezea roketi.

Huko Iceland kipimo kikubwa zaidi kilikuja usiku wa 23 Januari 1973, kabla ya saa nane, ardhi ilipopasuka pembezoni mwa mji wa kisiwa cha Heimaey na moto ukaruka angani. Magari ya zimamoto yalizunguka mitaani yakipiga ving'ora. Kwa bahati, dhoruba ya siku iliyotangulia ilikuwa imezifunga mashua zote bandarini. Watu kama 5,300 walishuka gatini na watoto wao na vifurushi, wakapanda mashua za samaki, na kulipopambazuka karibu wote walikuwa wamevuka.

Waliobaki au kurudi walikuwa na kazi isiyo na sifa. Walipanda juu ya nyumba kukomba majivu kwa koleo ili paa zisianguke, wakapigilia mabati kwenye madirisha mawe ya moto yasipite. Lava nayo ikaanza kuelekea mdomo wa bandari, na kisiwa cha wavuvi kisicho na bandari si kisiwa cha kukaa mtu. Profesa mmoja wa fizikia, Þorbjörn Sigurgeirsson, akashauri lava imwagiliwe maji ya bahari mpaka igande. Wapo waliocheka. Wakaanza na mipira ya zimamoto, kisha zikaletwa pampu kubwa, na kumwagilia kukaendelea kwa miezi. Volkano ilinyamaza Julai. Nyumba kama 400 zilikuwa zimekwenda, mtu mmoja amekufa, bandari ipo. Baadaye watu walipitisha mabomba kwenye lava iliyokuwa bado na moto ndani, wakapashia nyumba zao joto kwa miaka.

Mpango huu wa kujitolea una mwisho wa kamba yake. Watalii sasa ni zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, na wengi hukodi magari madogo na kuyapeleka kwenye theluji wasiyoijua. Anayeamshwa usiku ni yuleyule fundi bomba. Kisha tarehe 10 Novemba 2023 mji wa Grindavík, uliokuwa na watu karibu 4,000, ukahamishwa kwa usiku mmoja kwa kuhofia volkano, na safari hii moto haukuisha kwa msimu mmoja. Vikosi vilitoka kila pembe ya nchi kushika zamu. Mwajiri anayeruhusu mfanyakazi kwa usiku mmoja ni mtu mwema. Anayeruhusu mwezi wa tatu ameanza kupiga hesabu.

Na fataki nazo zimepata wapinzani. Usiku wa mwaka mpya moshi hutanda Reykjavík, wenye pumu hujifungia ndani. Vikosi vikatafuta njia: tangu 2018 asiyetaka fataki anaweza kuingia duka lilelile, kwa wauzaji walewale, akalipia mche. Hapati hata cheche moja ya kurusha. Mti wake unapandwa, fedha zinakwenda kwenye mafuta ya magari ya uokoaji.