Unapanda Kilimanjaro? Pima malaria na selimundu kwanza

Mwezi uliopita mama mmoja aliingia chumbani kwangu hapa Ifakara, foleni ikiwa bado ndefu, akiwa na binti yake wa miaka 17 na karatasi mkononi. Klabu ya shule ilikuwa inakwenda kupanda Mlima Kilimanjaro baada ya wiki mbili, na karatasi ilitaka saini ya daktari kwamba mtoto ana afya njema.

"Nisainie tu, daktari. Huyu hana tatizo lolote," alisema.

Sikusaini siku ile. Mama alikasirika kidogo, nami namwelewa. Lakini miaka kadhaa iliyopita niliwahi kusaini karatasi kama ile kwa dakika tatu, na sitaki kurudia.

Aliyekuja wakati ule alikuwa kijana wa miaka 23, mkulima wa mpunga, aliyepata kazi ya upagazi mlimani kupitia ndugu yake wa Moshi. Presha yake ilikuwa nzuri, mapafu safi, mwili wa mtu wa jembe. Nikasaini. Sikumuuliza kama ameugua homa karibuni. Kumbe siku nne kabla alikuwa amepata homa shambani, akameza mseto mara mbili, akapata nafuu na vidonge vilivyobaki akaviweka akiba.

Siku ya pili mlimani, kituo cha Horombo, kichwa kilimgonga, akatapika, akatetemeka kwa baridi. Kila mtu, naye mwenyewe akiwamo, alisema ni mlima tu. Akapewa dawa ya maumivu na chai ya moto. Usiku akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Wenzake walimshusha kwa machela, na hospitalini Moshi kipimo kikaonyesha malaria. Alilazwa siku tisa, akapona. Aliporudi aliniambia, "Dokta, ungeniuliza ningekwambia." Sikuwa na jibu.

Kwa nini mlima unaumiza

Ifakara tuko takriban mita 250 tu juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Huko juu hewa ina oksijeni kwa kiwango kilekile cha asilimia 21, ila mgandamizo wa hewa umepungua, hivyo kila pumzi unayovuta inaingiza karibu nusu ya oksijeni unayoipata ukiwa pwani.

Mwili unaweza kuzoea, lakini unahitaji siku. Ukienda haraka, kuanzia mita 2,500 hivi unaweza kupata ugonjwa wa mlimani: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu na kizunguzungu. Mara nyingi huanza saa chache baada ya kufika kituo kipya. Hauchagui mwenye nguvu wala kijana. Mwanariadha anaweza kuanguka huku mwalimu wa miaka 55 anayetembea polepole akifika kileleni. Ndiyo maana waongozaji hawaachi kusema "pole pole".

Ugonjwa huu ukipuuzwa unaweza kufika pabaya kwa njia mbili. Ya kwanza ni ubongo kuvimba: mtu anayumba kama mlevi, anachanganyikiwa, analala usingizi usio wa kawaida. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akishindwa, ashushwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Ya pili ni maji kujaa kwenye mapafu: anahema akiwa amekaa tu, anakohoa, midomo inakuwa ya bluu, pengine anatoa makohozi yenye povu. Huyu naye ashushwe, na apewe oksijeni kama ipo. Dawa zipo, lakini hakuna inayochukua nafasi ya kushuka.

Sisi wa bondeni tuna la ziada

Msomaji wa Ulaya akisoma maelezo hayo, yanamtosha. Wewe wa Kilombero hayakutoshi. Malaria kali inayotokana na mbu wetu huchukua kwa kawaida siku 7 hadi 14 tangu kuumwa hadi homa kuanza, na wakati mwingine hufika mwezi. Mtu aliyeumwa na mbu akilinda mpunga kwenye dungu anaweza kupanda basi, kupita Mikumi, Morogoro na Chalinze hadi Moshi akiwa mzima kabisa, kisha homa ikamkuta mlimani ambako hakuna mbu, na hakuna anayewaza malaria.

Kichwa, kutapika, uchovu na kuchanganyikiwa ni dalili za malaria na ni dalili za mlima pia. Kinachosaidia kutofautisha ni joto la mwili. Ugonjwa wa kawaida wa mlimani hauleti homa kali. Ukiona homa, shusha mgonjwa na mpime malaria. Fanya yote mawili, usisubiri kujua ni ipi kati ya hizo.

Jambo la pili ni selimundu, ambayo wengi wetu tunaiita sikoseli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa nayo. Oksijeni ikipungua, chembe nyekundu za mgonjwa hujikunja na kuziba mishipa midogo. Mtoto mwenye selimundu asipande Kilimanjaro, hata kama amekaa mwaka mzima bila maumivu.

Mbebaji, yaani mwenye kinasaba kimoja tu, kwa kawaida haugui na wengi hupanda salama. Hata hivyo kwa wachache bandama hupata madhara wakiwa juu sana. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto yasichukuliwe kuwa ni vichomi vya kutembea. Ashuke na apelekwe hospitali.

Maswali niliyomuuliza yule mama

Yachukue nawe, uyajibu kabla hujaomba saini.

Kwanza, mtoto ameugua homa ndani ya mwezi mmoja? Alipewa dawa gani, na alimaliza dozi? Hata kama ni mzima, apimwe malaria siku mbili tatu kabla ya safari. Kipimo kikiwa safi leo hakimaanishi homa haiwezi kuanza wiki ijayo, kwa hiyo alale kwenye chandarua hadi siku ya kuondoka, na kiongozi wa msafara ajue kuwa anatoka kwenye malaria.

Pili, kuna mtu mwenye selimundu katika familia? Kama ndugu wa tumbo moja anayo na huyu ni mzima, uwezekano wa huyu kuwa mbebaji ni wastani wa wawili kati ya watatu. Apimwe.

Tatu, wingi wa damu ukoje? Safura inayotokana na minyoo bado ipo kwa wanaotembea pekupeku mashambani. Mwenye damu pungufu anaanza safari akiwa tayari na upungufu wa kubeba oksijeni.

Nne, ana pumu, ugonjwa wa moyo, kifafa au ujauzito? Mtoto wa kike aulizwe faragha, mzazi akiwa nje. Na amewahi kubabuka ngozi kwa dawa kama SP au septrini? Ipo dawa ya kuzuia ugonjwa wa mlimani, asetazolamaidi, yenye asili ya salfa. Isinunuliwe dukani kwa ushauri wa rafiki.

Tano, safari ni ya siku ngapi? Njia ya Marangu inalaza watu Mandara mita 2,720, Horombo 3,720 na Kibo karibu 4,720. Hiyo ni ngazi ya mita 1,000 kila usiku, wakati ushauri wa kitabibu ni kutozidisha mita 500 kwa usiku ukishapita mita 3,000. Siku moja ya ziada Horombo inagharimu fedha, lakini ni kinga nzuri kuliko kidonge. Mazoezi ya kupanda Udzungwa hadi maporomoko ya Sanje yanajenga miguu. Hayauzoeshi mwili kukosa oksijeni, maana huko hatufiki juu vya kutosha.

Kwa vijana wanaokwenda kubeba mizigo, maswali ni hayohayo, na moja la kuongeza: ukiumwa, utasema? Wengi hunyamaza wakiogopa kukosa malipo. Mzigo wa msafara hautakiwi kuzidi kilo 20, na mpagazi mgonjwa ana haki ya kushushwa sawa na mgeni anayembebea.

Tangu Luteni Alexander Nyirenda alipoufikisha Mwenge kileleni Desemba 9, 1961, mlima ule ni fahari yetu, na napenda watoto wa Kilombero waufike. Sijaandika haya kuwazuia.

Yule binti ana kaka mwenye selimundu. Mama hakuona sababu ya kulitaja, kwa kuwa aliyeletwa hakuwa kaka. Majibu yalionyesha binti ni mbebaji, malaria hakuna, damu inatosha. Tulikaa watatu tukaongea nusu saa, kisha nikasaini na kuandika chini yake sentensi mbili kwa ajili ya kiongozi wa msafara: anatoka ukanda wa malaria, akipata homa au maumivu ya ubavu wa kushoto, ashushwe mara moja.

Binti alifika Gilman's Point, kichwa kikamuuma, akasema, akateremshwa. Juzi alikuja kunionyesha picha. Mama yake alikuwa bado analalamika kwamba hakufika Uhuru.

Mwandishi wa safu hii ni daktari anayefanya kazi Ifakara. Ushauri huu hauchukui nafasi ya kumwona mtoa huduma wa afya aliye karibu nawe.